Teke la Nyuma Lipelekalo Mbele: Uhakiki wa Istilahi za Kupiga Mbizi

Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Msemo huo ulikusudiwa vyombo vya baharini, lakini unaifaa istilahi vilevile. Neno linalotulia katika kitabu cha mafunzo halikuota lenyewe. Yuko aliyelichonga, akalijaribu, akaziba mahali palipovuja. Makala haya yanahusu maneno machache ambayo, kwa maoni yangu, yaliteremshwa majini kabla ya kutiwa kalafati.

Katika miaka ya karibuni kazi za kutafsiri mafunzo ya kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa zimeanza kuwafikia wafasiri wetu. Sababu zake si ngumu kuzijua. Pwani yetu ina hifadhi za bahari zenye umri wa kutosha: Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, hifadhi ya matumbawe ya Chumbe mwaka 1994, na Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia mwaka 1995. Askari wa hifadhi, watafiti na waongozaji wa wageni hulazimika kushuka chini ya maji, na wengi wao hukifahamu Kiswahili kuliko lugha yoyote ya kigeni. Lakini mafunzo yenyewe yameandikwa ng'ambo. Ndiyo maana tafsiri inahitajika, na ndiyo maana haifai kuchukuliwa kuwa jambo dogo.

Karatasi ninayoihakiki inamhusu mwanafunzi aliyekwisha kufuzu hatua ya kwanza. Sitamtaja aliyeitoa, maana shabaha si kumfedhehesha mtu. Kasoro zake ni za kawaida, na huenda mimi mwenyewe nimezitenda katika kazi nyingine. Nimechagua somo moja tu ndani yake, nalo ni la kuogelea kinyumenyume kwa mapezi. Nimelichagua kwa sababu katika somo hili kosa la mfasiri halikai kwenye karatasi likisubiri mhariri. Huonekana papo hapo katika miguu ya mwanafunzi.

1. Dhana yenyewe

Haiwezekani kuhakiki istilahi bila kuifahamu dhana. Mapezi ya kuogelea tunayoyajua leo yalipewa hataza nchini Ufaransa mwaka 1933, kwa jina la Louis de Corlieu, aliyepata kuwa ofisa wa jeshi la majini. Miaka kumi baadaye, mwaka 1943, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walikamilisha kifaa cha kumpatia mpiga mbizi hewa ya mtungi kwa kadiri anavyovuta pumzi. Tangu hapo binadamu aliweza kukaa chini ya maji kwa muda mrefu bila bomba la kumfunga na chombo kilicho juu. Mapezi yaliundwa ili kumpeleka mbele, na mwanafunzi hujifunza kwenda mbele siku ya kwanza. Kurudi hakujii hivi hivi. Wapo wanaopiga mbizi miaka kadhaa bila kukujua.

Hata hivyo, haja ya kurudi ni kubwa. Mpiga mbizi anayetazama tumbawe kwa karibu, au anayelipiga picha, hana nafasi ya kugeuka. Akigeuka, mapezi yake hupiga palepale alipokuwa akipatazama. Matumbawe makubwa ya mviringo hukua kwa milimita chache hadi sentimita mbili tu kwa mwaka, na hata yale ya matawi, yenye kukua upesi, hufikia kiasi cha sentimita kumi. Pigo moja la uzembe laweza kuvunja kazi ya miaka mingi ya viumbe hao. Katika mapango yenye maji, kama yale ya Florida na rasi ya Yucatán, hatari humwangukia mpiga mbizi mwenyewe: mchanga na tope laini likitibuliwa, maji hugeuka kiza na njia ya kutokea haionekani tena. Na hata pale ambapo hakuna tumbawe wala pango, wapiga mbizi wanaosimama mita tano chini ya uso wa maji kabla ya kupanda hulazimika kukaa mahali pamoja wasigongane. Anayejua kurudi huwa na njia ya kusimama.

Tendo lenyewe liko hivi. Mpiga mbizi hulala kifudifudi katikati ya maji, haelei wala hazami, miguu yake imenyooka na mapezi yamekaribiana. Hukunja vifundo vya miguu ili vidole vielekee kwenye miundi, huyageuza mapezi nje, moja kulia na jingine kushoto, kisha huvuta visigino kuelekea makalio. Katika mvuto huo, upande wa juu wa mapezi huyakokota maji kuelekea kichwani. Maji yakienda upande wa kichwa, mwili huenda upande wa miguu. Hiyo ni kanuni ya tatu ya Newton, iliyochapishwa mwaka 1687, na haina ubaguzi kati ya nchi kavu na bahari. Baada ya hapo vidole hunyooshwa, mapezi hukutanishwa, na miguu hurudishwa polepole ili mapezi yakate maji kwa ukingo. Yakirudishwa kwa bapa, yatasukuma maji na kuufuta mwendo wote uliopatikana.

2. Tafsiri mbili na kasoro zake

Karatasi yetu inatumia majina mawili kwa tendo hili, mara hili mara lile, bila kueleza tofauti. Hiyo ni kasoro ya kwanza, kwa kuwa msomaji wa mafunzo hudhani kwamba majina mawili ni mambo mawili.

Jina la kwanza ni "kuogelea kwa mgongo". Mfasiri aliliona neno la kigeni lenye maana mbili, mgongo na nyuma, akachukua ile iliyo karibu. Lakini katika mashindano ya kuogelea "kuogelea kwa mgongo" kumekwisha kushika maana ya mtindo wa kuogelea chali, uso ukitazama juu. Mwenye mtungi mgongoni akigeuka chali ili kujiepusha na tumbawe, mtungi ndio utakaoligonga, tena yeye hataona anakokwenda wala anakotoka. Neno lililokwisha kupangwa katika nyumba moja haliwezi kuhamishiwa nyumba ya jirani bila wenyeji wote wawili kutaabika.

Jina la pili ni "teke la nyuma", nalo ni baya zaidi, kwa kuwa sura yake ni ya Kiswahili kizuri. Kila mzungumzaji analifahamu teke la nyuma. Ni teke la punda. Tunasema kwamba shukrani ya punda ni mateke, na sote tunajua punda huyatupa upande gani. Kupiga teke la nyuma ni kuusukuma mguu nyuma kwa nguvu. Basi na tujiulize: mpiga mbizi akiusukuma mguu nyuma kwa nguvu, maji yataenda wapi? Yataenda nyuma. Na mwili? Mbele. Tafsiri hii, kwa hiyo, haikosi tu kulieleza tendo. Inaamrisha kinyume chake. Anayeitii kwa uaminifu ndiye atakayeupiga uso wake kwenye mwamba.

Sisemi haya kwa kubuni. Niliwahi kukaa ukingoni mwa bwawa nikiwatazama wanafunzi wanne waliosomewa somo hili kutoka katika karatasi hiyo. Wawili waligeuka chali. Mmoja aliutupa mguu nyuma, akaenda moja kwa moja hadi ukutani. Wa nne hakufanya lolote, akawatazama wenzake; na kwa maoni yangu huyo ndiye aliyekuwa mfasiri bora siku ile. Mwalimu aliwaita wote nje, akamlaza mmoja kifudifudi juu ya benchi, akamshika vifundo, akamzungushia miguu yake kwa mikono yake mwenyewe. Baada ya hapo karatasi haikutajwa tena. Bwawa lilikuwa na ukuta wa vigae, na hapakuwa na hasara ila aibu. Mwamba wa matumbawe hausamehi hivyo.

3. Mbele ni wapi?

Nyuma ya makosa hayo mawili kuna tatizo ambalo ni kubwa kuliko majina yenyewe. Mafunzo yaliandikwa kana kwamba msomaji amesimama wima. Mtu aliyesimama ana mbele moja na nyuma moja, juu moja na chini moja. Aliyelala kifudifudi majini hana bahati hiyo. "Nyuma" kwake yaweza kuwa mgongoni, yaani upande wa uso wa bahari; au yaweza kuwa miguuni. "Juu" yaweza kuwa kichwani au mgongoni. Mfasiri akiandika kwamba mguu upelekwe juu kisha nyuma, ameandika maneno matano yenye maana nne.

Mabaharia wetu walikwisha kulitambua jambo hili zamani. Mvuta makasia katika mashua huketi akiwa ameipa omo mgongo. Chombo huenda kule asikotazama. Kama angeambiwa aende "mbele", angekuwa na haki ya kuuliza, mbele yangu au mbele ya chombo? Ndiyo maana lugha ya bahari ina omo na tezi, maneno yasiyobadilika kwa kugeuka kwa mtu. Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: hata methali imezitaja pande za chombo, wala haikutaja pande za abiria.

Ndugu mmoja mfasiri amenishauri kwamba tuseme "kurudi tezi" au "kuogelea tezi". Shauri hili lina uzuri wake, nami sikulikataa kwa wepesi. Linafuata utaratibu tuliouzoea wa kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake kabla ya kubisha hodi kwa majirani. Lakini lina vikwazo viwili. Kwa wasomaji wengi wa bara, na hata kwa vijana wengi wa pwani, tezi ni kiungo cha mwili au uvimbe, na mafunzo haya yanazungumzia mwili katika kila mstari. Pili, mwili wa mtu hauna tezi ya chombo. Tutalazimika kueleza kwamba tezi ya mtu ni miguu yake. Ikiwa maelezo yanahitaji neno "miguu", ni afadhali tuseme "miguu" tangu mwanzo. Basi ninapendekeza kwamba katika maelezo ya namna hii tuache "mbele" na "nyuma", na badala yake tuseme "upande wa kichwa" na "upande wa miguu". Na kwa "juu" na "chini" tuseme "upande wa uso wa bahari" na "upande wa sakafu". Maneno yanakuwa marefu kidogo, lakini hayana mgogoro.

Wengine watauliza kuhusu "rivasi". Neno hili limekwisha kuingia kwa mlango wa madereva, na anayeendesha mashua ya injini hulielewa. Silikatai kwa kuwa ni la mkopo. Kiswahili hakijapata kudhurika kwa kukopa. Ninalikataa hapa kwa kuwa linapotosha. Gari lirudipo rivasi, magurudumu ni yale yale, yakizunguka upande wa pili. Mwanafunzi akilielewa hivyo, atajaribu kulipindua pigo lake la kawaida, na hatarudi. Pigo la kurudi ni tendo jingine, lenye mpangilio wake.

4. Maneno yanayoandamana nalo

Istilahi haiishi peke yake. Katika ukurasa huo huo mapezi yameitwa "viatu vya majini". Jina hili lafaa kukosolewa, kwa kuwa kiatu hulinda wayo na hukanyagiwa. Mwanafunzi aliyeambiwa avae viatu atasimama navyo juu ya tumbawe kwa moyo mweupe. "Pezi" ni neno la kale, kila mvuvi analo, na kazi ya pezi la samaki ni hiyo hiyo tunayoitaka. Tena latuwezesha kuzitaja sehemu zake bila kuunda lolote: "bapa la pezi", kama bapa la kisu, ni upande mpana usukumao maji, "ukingo wa pezi" ni upande mwembamba ukatao maji. Bila maneno hayo mawili somo hili halifundishiki, maana siri yote ya kurudi ni kujua lini utumie bapa na lini utumie ukingo. Yatufaa pia katika kueleza kwa nini pezi gumu lafaa zaidi kwa kurudi, na kwa nini pezi lenye bapa lililopasuliwa katikati humpa taabu mwanafunzi: maji hupenya penye mpasuko badala ya kukokotwa.

Karatasi humwita mwanafunzi "mzamiaji". Kwa asili ya neno hakuna kosa. Lakini matumizi ya lugha hayafuati asili peke yake. Siku hizi mzamiaji, kwa watu wengi, ni yule aliyejificha melini ili asafiri bila nauli wala idhini. Cheti cha serikali kinachothibitisha kwamba fulani ni mzamiaji hodari chaweza kumletea mwenye nacho maswali bandarini. "Mpiga mbizi" ni neno safi, nalo litumike.

Neno "teke" nalo halifai, hata lisipofuatwa na "nyuma". Teke ni kupiga ili kuumiza au kuondosha. Mkufunzi hutumia wiki nzima kumfundisha mwanafunzi kutopiga maji kwa hasira, kisha karatasi inamwambia apige mateke. Katika kuogelea tumekwisha kuwa na "pigo" na "mapigo", nayo yanatosha. Mtindo wa kwenda kwa kutanua miguu kama chura uitwe "pigo la chura". Na hili letu liitwe "pigo la kurudi".

5. Mapendekezo

Kwa ajili ya kujadiliwa na walimu, wafasiri na idara zinazohusika, ninaweka mbele maneno yafuatayo:

Mpiga mbizi: mtu ashukaye chini ya maji kwa kazi, utafiti au matembezi.
Pezi (mapezi): kifaa kivaliwacho mguuni ili kusukuma au kukokota maji.
Bapa la pezi: upande mpana wa pezi.
Ukingo wa pezi: upande mwembamba wa pezi.
Mlalo: hali ya mwili kunyooka sambamba na sakafu ya bahari.
Pigo la chura: pigo la kumpeleka mpiga mbizi upande wa kichwa kwa kutanua na kukutanisha miguu.
Pigo la kurudi: pigo la kumpeleka mpiga mbizi upande wa miguu kwa kukokota maji kuelekea kichwani.

Kwa msomaji wa kawaida, asiyekusudia kuingia majini, "kuogelea kinyumenyume" kunatosha kabisa, na gazeti likiandika hivyo halijakosa. Neno hilo linaeleza matokeo. Lakini mafunzo yanahitaji neno la tendo, na kitenzi chake, nadhani, ni "kukokota". Anayekokota mtumbwi ufukweni anajua kwamba kitu kinakuja kwake, wala hakisukumwi kwenda mbali naye. Wazo hilo ndilo linalopaswa kufika miguuni.

Kwa maneno hayo, somo laweza kuandikwa hivi: Lala kifudifudi katika mlalo, mapezi yamekaribiana. Kunja vifundo. Geuza mapezi nje. Kokota maji kwa bapa kuelekea kichwani, huku visigino vikija karibu na makalio. Nyoosha vidole, kutanisha mapezi, uyarudishe polepole kwa ukingo. Tulia, acha mwili uteleze upande wa miguu, kisha rudia. Usitumie mikono. Sitarajii kwamba mwanafunzi atafaulu siku ya kwanza. Wengi husogea kwa kiasi cha kiganja tu, na wengine huyumba pale pale kwa majuma. Lakini atakuwa anakosea katika tendo lililo sahihi.

6. Pingamizi moja

Kuna hoja ambayo lazima ijibiwe. Inasemwa kwamba chini ya maji watu hawasemi. Hutumia ishara za mikono, nazo ni za mataifa yote. Tena wakufunzi wenyewe huchanganya maneno ya kigeni, na wanafunzi hufuzu. Kwa nini basi tujisumbue?

Ni kweli kwamba wanafunzi hufuzu. Wale wa bwawani pia walijifunza, lakini walijifunza kwa benchi na kwa mikono ya mwalimu, si kwa karatasi. Mwalimu mwenye subira akiwapo, tafsiri mbovu hufichika. Asipokuwapo, msomaji hubaki na maneno peke yake, na ndipo tofauti inapoonekana kati ya aliyesoma kwa lugha yake na aliyekisia. Askari wa hifadhi anayesoma usiku ili afanye mtihani kesho, au mwongozaji wa wageni atakaye kupandishwa daraja, hapaswi kushindwa kwa sababu mfasiri hakujiuliza maji yatakwenda wapi.

Wahenga walisema pia kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Katika kazi hii viwili hivyo vimeungana: ulimi wa mfasiri ukijikwaa, mguu wa mwanafunzi hujikwaa pamoja nao. Ninawaomba wafasiri wenzangu kwamba, kabla ya kulipitisha jina la tendo lolote, liwe la majini, la shambani au la kiwandani, wamtafute mtu mmoja asiyeijua dhana, wamsomee maelezo, kisha watazame viungo vyake. Akifanya lile lililokusudiwa, istilahi imesimama. Akifanya kinyume, karatasi na irudishwe mezani.